Kuuza gari la michezo lililotumika: kupanga bei na kuondoa shaka

Gari la kawaida la familia ukitaka kuliuza mwenyewe, bei yake karibu inajipanga. Yapo mengi ya aina yake, wanunuzi wanayajua, na tofauti kati ya zuri na chakavu si kubwa. Gari la michezo halina utulivu huo. Magari mawili ya mwaka mmoja, injini moja na rangi moja yanaweza kupishana bei sana, na sababu usiione hata ukiyazunguka mara tatu. Imo kwenye risiti za matengenezo, kwenye unene wa rangi ubavuni, kwenye tarehe iliyochapwa kwenye tairi, na kwenye kumbukumbu ya kompyuta ya injini inayoonyesha kama kuna siku dereva aliingiza gia ya pili akidhani ni ya nne, injini ikazunguka kupita kikomo chake.

Kwa muda wote wa kushughulika na magari haya, jambo moja naliona likijirudia: kinachoshusha bei kuliko ubovu ni shaka. Ubovu unaojulikana una gharama yake. Fundi anaiandika kwenye karatasi, mnaitoa kwenye bei, mnaendelea. Shaka haina kikomo. Mnunuzi asiyejua kama beringi za injini ni nzima atahesabu injini nzima, kisha atoe ofa ya chini au aende zake bila kusema kitu. Kwa hiyo kazi ya kuuza inaanza wiki kadhaa kabla ya tangazo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukusanya majibu ya maswali ambayo bado hujaulizwa.

Tuanze na bei yenyewe. Bei zilizoandikwa kwenye matangazo ni matumaini ya wauzaji. Unachohitaji ni bei iliyolipwa. Chukua matangazo kumi hadi kumi na tano ya gari la kizazi kilekile, injini ileile na gia za aina ileile. Andika tarehe, bei, kilomita, idadi ya wamiliki waliotangulia na hali yake. Rudi kuyaangalia kila wiki kwa mwezi mmoja. Lililoondoka ndani ya siku chache lilikuwa na bei sahihi, au chini ya hapo. Linaloganda hadi wiki ya nne huku bei ikikatwa kidogo kidogo linakuonyesha mahali ambapo wanunuzi wamegoma. Minada ya mtandaoni inayoacha wazi bei ya mwisho inasaidia zaidi, ila soma vizuri: je, gari liliuzwa kweli, au halikufikia bei ya chini ya mwenye mali? Na ada ya mnada imo ndani ya tarakimu hiyo au inaongezwa juu yake?

Kwenye kulinganisha ndipo wauzaji wengi wanapoteleza, kwa sababu wanalinganisha majina badala ya magari. Chukua Porsche 911 ya kizazi cha 997. Zile za kabla ya maboresho ya mwaka wa modeli 2009 zina injini yenye shafti ya kati ambayo beringi yake ina sifa ya kufa ghafla na kuivuruga injini nzima. Maboresho yalileta injini mpya isiyo na shafti hiyo kabisa. Turbo na GT3 za kabla ya hapo nazo hazimo kwenye tatizo hili, maana injini zao ni za ukoo mwingine. Ukiyachanganya yote kwenye orodha moja, wastani utakaoupata hauhusu gari lolote. Ndivyo ilivyo pia kwa BMW M3 ya kizazi cha E46: yenye gia za mkono na yenye gia za SMG, ambazo hubadilishwa kwa pampu ya haidroliki, zina soko tofauti, na ya gia za mkono kwa kawaida ndiyo inayotafutwa. Usidhani lakini kwamba gia za mkono ni faida kila mahali. Nissan GT-R ya R35 haikutengenezwa na gia za mkono hata moja, kwa hiyo hapo swali linahama: oili ya gia ilibadilishwa lini, na nani aliibadilisha?

Kabla ya kuandika bei yako, peleka gari kwa wafanyabiashara wawili au watatu wa magari na uombe ofa ya maandishi. Watakupa kidogo, na wana haki, kwa sababu wanabeba gharama za matengenezo, dhamana na muda wa gari kukaa uwanjani. Ofa ya juu kati ya hizo ndiyo sakafu yako. Bei ambayo wao huuzia gari kama lako ndiyo dari, na wewe huwezi kuifikia, maana huna dhamana ya kumpa mnunuzi. Bei yako iko katikati, na ubora wa ushahidi wako ndio unaoisogeza juu au chini.

Hesabu yenyewe iandike. Tuseme magari sita yanayofanana na lako yameuzwa, na bei ya katikati tuiite 100. Lako lina kilomita pungufu kiasi, ongeza 4. Lina difurensho ya kuzuia tairi moja kuzunguka bure na viti vya michezo vya kiwandani, ambavyo nusu ya yale sita hayakuwa navyo, ongeza 3. Tairi za nyuma zimekwisha: toa gharama kamili ya jozi, kufunga na alaimenti, tuseme 3. Huduma kubwa ya plagi, filta na mafuta yote inakaribia, toa 4. Bampa la mbele limepigwa rangi upya kwa sababu ya mikwaruzo ya kokoto, na una picha za kabla na baada. Hapo sitoi kitu. Bila picha ningetoa, kwa sababu mnunuzi hatajua kama chini ya rangi mpya kuna mikwaruzo au ajali. Umebaki na 100. Hiyo ndiyo bei ya kupeana mkono. Bei ya tangazo iwe asilimia 3 hadi 5 juu yake, isizidi hapo. Ukipandisha kwa asilimia 15 ili upate nafasi ya kushushwa, mnunuzi makini anayetafuta kwa kuweka kikomo cha bei hatakuona kabisa, na watakaobaki ni wale wanaobahatisha. Kumbuka pia kwamba watu huweka vikomo kwenye tarakimu kamili. Bei iliyopita kikomo kwa hatua ndogo inalificha gari bila faida yoyote.

Kilomita chache si sifa tupu. Gari lililosimama muda mrefu lina magonjwa yake: sili za mpira hukauka na kuanza kuvuja, petroli huchacha, betri hufa, tairi huota ubapa upande uliolalia sakafu, na mafuta ya breki hunyonya unyevunyevu hata kama gari halikutembea. Mafuta ya breki hubadilishwa kwa kawaida kila baada ya miaka 2 bila kujali kilomita. Kama lako limetembea kidogo sana, onyesha kwamba huduma zilifanywa kwa kalenda, na kwamba lilikuwa likitolewa mara kwa mara hadi oili ipate joto lake kamili. Gari lililoendeshwa kila wiki na kutunzwa linauzika kwa heshima mbele ya lile lililolala chini ya turubai.

Halafu kuna mabadiliko uliyoyafanya kwa mapenzi yako: rimu, ekzosi, springi fupi, programu ya injini iliyoongezwa nguvu. Fedha uliyoiweka huko hairudi kwa kuijumlisha kwenye bei. Anayetaka gari la namna hii mara nyingi analitaka kama lilivyotoka kiwandani, na kila kifaa cha ziada kinamfanya ajiulize liliendeshwaje. Kama vifaa vya asili bado unavyo na kazi ya kuvirudisha ni ya siku moja au mbili, virudishe, kisha uuze vya ziada peke yake. Kama vya asili vilishauzwa, tangaza gari kama lilivyo na ukubali kwamba wanunuzi wamepungua. Programu ya injini irudishwe ya kiwandani, lakini mnunuzi aambiwe kwamba injini iliwahi kufanya kazi na nguvu za ziada. Kwenye injini za turbo jambo hili ni zito. Subaru WRX STI zenye injini ya EJ25, kwa mfano, zinajulikana kwa kuvunjika kingo za pistoni zinazoshikilia ringi, na programu mbovu ndiyo inayoharakisha. Kulificha hakufai kwa sababu mbili: si haki, na fundi wa mnunuzi ana njia za kuligundua.

Sasa matengenezo. Yale madogo yamalize yote kabla ya mtu wa kwanza kufika, kwa sababu kila taa iliyoungua na kila kitasa kinachokwama mnunuzi hukikata kwa bei mara mbili ya gharama yake, halafu hukitumia kama ushahidi kwamba mengine yamepuuzwa pia. Balbu, betri, mpira wa waipa, pedi za breki zilizokwisha, alaimenti, kufuli ya buti. Betri ipime ikiwa imepumzika usiku kucha: volti 12.6 ni nzuri, 12.4 inataka kuchajiwa, na 12.0 itakuaibisha mbele ya mgeni. Makubwa usiyafanye nusunusu. Kama klachi inakaribia mwisho, chagua moja: ibadilishe kwa ukamilifu na uweke risiti, au chukua makadirio ya maandishi kutoka kwa fundi anayeijua aina hiyo ya gari na uyatoe kwenye bei waziwazi.

Tairi zinahitaji maneno yake. Mwenye gari aliyebanwa hununua jozi ya bei rahisi ili zionekane mpya, na mnunuzi anayejua akiinama tu ameshaelewa. Anasoma tarakimu nne zilizo ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Anaangalia kama tairi mbili za ekseli moja ni za kampuni moja na muundo mmoja. Kwenye Porsche anatafuta alama ya N0 au N1, kwenye BMW alama ya nyota, kwenye Mercedes-Benz herufi MO, maana hizo zinaonyesha tairi iliyoidhinishwa na mtengenezaji wa gari. Kwenye gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne anapima pia kina cha mifereji ya tairi, kwa sababu tofauti kubwa kati ya mbele na nyuma inalazimisha difurensho kufanya kazi muda wote. Kama tairi zako zimezeeka lakini ni za aina sahihi, ziache na utoe gharama yake kwenye bei. Ni afadhali hivyo kuliko mpya zisizofaa.

Ushahidi wa karatasi uupange kwa tarehe kwenye faili moja: risiti, kurasa za kitabu cha huduma, ripoti za ukaguzi wa kila mwaka, ankara za spea hata kama kazi uliifanya mwenyewe. Kila karatasi iwe na kilomita za siku hiyo, maana mfululizo wa kilomita ndio unaothibitisha kwamba odomita haikurudishwa nyuma. Weka karatasi ya kwanza yenye muhtasari: tarehe, kilomita, kazi, nani aliifanya. Mnunuzi akiusoma kwa dakika mbili atajua yuko kwa mtu wa namna gani. Kama pana pengo la miaka, liandike hapo hapo kwamba ni pengo.

Baada ya karatasi, vipimo. Ukaguzi uliolipia wewe kabla ya kuuza unarudisha gharama yake karibu kila mara, mradi ufanywe na gereji isiyo na maslahi kwenye mauzo. Omba kipimo cha mgandamizo wa silinda zote, injini ikiwa ya moto. Tarakimu moja moja hutegemea injini. Kinachotazamwa ni tofauti kati ya silinda, na ikipita asilimia 10 hadi 15 kuna jambo. Kipimo cha uvujaji wa hewa kinasema zaidi: chini ya asilimia 10 injini ina afya, ikifika 20 lazima ijulikane hewa inapita wapi, kwenye vali au kwenye ringi. Ukiwa na Mazda RX-8, ambayo injini yake ina rota za pembe tatu zinazozunguka badala ya pistoni, geji ya kawaida haikusaidii. Kila rota ina nyuso tatu, na geji hiyo inakuonyesha uso wenye nguvu tu. Kinatakiwa kifaa kinachosoma kila uso peke yake na kusahihisha matokeo kwa mzunguko wa 250 kwa dakika. RX-8 isiyo na karatasi hiyo inauzwa kwa bei ya gari lenye injini iliyokufa, hata kama ni nzima.

Rangi ipimwe pia. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya maikromita 80 na 180. Sehemu yenye 250 au 300 imepigwa tena. Inayopita 1,000 ina puti chini yake. Piga picha ya kipimo kwenye kila sehemu ya bodi. Hakikisha kifaa kinasoma alumini, kwa sababu vile vya bei ya chini husoma chuma tu, na bampa za plastiki au paa la kaboni havisomeki kwa vifaa hivi vya kawaida.

Kila gari la aina hii lina ugonjwa wake maarufu, na mnunuzi amekwisha usoma kabla hajakupigia simu. Ujibu kabla hajauliza. Kwenye M3 ya E46, sakafu ya nyuma hupasuka pale fremu ya ekseli inaposhikwa: inua gari, safisha, piga picha sehemu zote nne. Kwenye injini ya gari hilohilo na ya M3 iliyolifuata, hofu ni beringi za chini za injini. Wakati wa kubadilisha oili, chukua sampuli katikati ya mtiririko, si ya mwanzo wala ya mwisho, na uipeleke maabara. Risasi na shaba zikiwa chini, una jibu la maandishi kwa swali linaloogopwa kuliko yote. Kwenye Mazda MX-5 za vizazi vya mwanzo ni kutu ya vizingiti chini ya milango, hasa mbele ya gurudumu la nyuma, na chanzo chake mara nyingi ni vitundu vya kupitishia maji ya paa la turubai vilivyozibwa na majani. Maji hayatoki, yanakaa ndani ya kizingiti, chuma kinaliwa kutokea ndani, na nje rangi inaonekana safi hadi siku inapovimba. Safisha vitundu hivyo, mwaga maji kidogo juu, urekodi video yakitoka chini.

Jambo moja usilifanye kamwe: kufuta makosa kwenye kompyuta ya gari siku moja kabla ya kuja mnunuzi. Ukifuta, vipimo vya ndani vya mfumo wa kudhibiti uchafuzi wa moshi navyo hurudi sifuri, na vinahitaji safari kadhaa ili vikamilike. Mtu mwenye kisomeo kidogo cha mfukoni ataona vyote havijakamilika na atajua umefuta jana. Vivyo hivyo kuosha injini kwa maji ya shinikizo. Maji huingia kwenye plagi na soketi za umeme, na injini inayong'aa kuliko viti inamfanya mtu afikiri uvujaji umefichwa. Pangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, inatosha.

Kwenye tangazo sina mengi. Kizazi, mwaka, kilomita, wamiliki, gia, kazi zilizofanywa na tarehe zake, kasoro zilizopo, vitu vinavyokwenda na gari. Picha hamsini si nyingi kwa gari la michezo: nje ikizungukwa yote jua likiwa chini, kila rimu kwa karibu, mkunjo wa kiti cha dereva upande wa kuingilia, dashibodi injini ikiwaka, chini ya gari, na kila mkwaruzo ukiwa na kidole kando yake kuonyesha ukubwa. Weka video ya injini ikiwashwa ikiwa baridi. Usionyeshe mlango wa nyumba yako wala namba ya mtaa.

Simu ya kwanza mara nyingi itakuwa "bei ya mwisho ngapi?" Jibu kwa adabu kwamba bei mtaizungumza mkiwa mbele ya gari. Anayelitaka atauliza maswali mengine; asiyelitaka ataishia hapo, na hujapoteza kitu. Muulize na wewe: ameshaendesha gari la aina hii? Analipaje? Atakuja na fundi? Anayetaka kuleta fundi mkaribishe kwa moyo mmoja.

Siku ya kuonyesha, gari lilale baridi. Mnunuzi mzoefu akifika ataweka kiganja juu ya boneti kabla hata ya kukusalimia vizuri, na akikuta joto ataanza kujiuliza ulikuwa unaficha nini: sauti ya mnyororo wa injini, moshi, au ugumu wa kuwaka. Mpe funguo awashe mwenyewe. Mizunguko itapanda kidogo kisha itashuka taratibu hadi karibu 800. Kama injini yako ni ya silinda zilizolala, mwambie mapema kwamba pumzi moja ya moshi wa buluu inaweza kutoka, kwa sababu oili hukaa ndani ya silinda gari likisimama. Ukimwambia kabla, ni maelezo ya mtu anayelijua gari lake. Ukimwambia baada ya moshi, itakuwa ni kujitetea. Moshi wa buluu unaoendelea ni habari nyingine, na mweupe mzito wenye harufu tamu unaashiria maji ya kupoozea yanaungua ndani.

Majaribio barabarani yaanze na wewe kwenye usukani. Dakika kumi au kumi na tano, bila kupita mizunguko 3,000, hadi oili ipate joto. Geji ya maji hufika katikati mapema, lakini oili huchelewa, na injini nyingi za michezo huumizwa kwenye pengo hilo. Mnunuzi anaona unavyolitendea, na hiyo inasaidia kuuza. Kisha mbadilishane, na hapa pana hatari ya kweli: zima injini, chomoa funguo au iweke mfukoni, shuka, zunguka, kaa, ndipo umpe. Wezi hutegemea zile sekunde ambazo wewe umeshuka na gari bado linanguruma. Kabla ya yote hayo uwe umeona leseni yake, umepiga picha kitambulisho, na umehakikisha bima inamhusu dereva mwingine. Aruhusiwe kuijaribu klachi: gia ya nne, mizunguko 2,000, akanyage mafuta hadi mwisho, mizunguko ikiruka bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Aruhusiwe breki kali moja mahali salama. Kuwasha mfumo wa kuondoka kwa kasi ya mashindano asiruhusiwe. Mfumo huo hula klachi na giaboksi, na gari bado ni lako.

Kuna ulaghai mmoja ambao kila muuzaji anapaswa kuujua. Wanakuja wawili au watatu, wachangamfu. Mmoja anakuita uangalie kitu ndani au kwenye buti. Mwingine, boneti ikiwa wazi, anamimina oili kidogo kwenye tangi la maji ya rejeta, au anaimwaga juu ya bomba la ekzosi. Mnakwenda kujaribu gari, moshi unafuka, wanasimama, wanafungua, wanakuonyesha oili ndani ya maji: "Ndugu, gasketi imekwenda hii." Kisha wanajitolea kukuondolea mzigo kwa nusu bei, fedha taslimu, sasa hivi. Kinga ni rahisi. Uwe na mtu wa pili, mmoja wenu asiondoke mbele ya boneti iliyo wazi, na ukiisha kuonyesha, ifunge mwenyewe. Yakitokea, usiuze siku hiyo kwa hali yoyote. Fundi ataona mara moja kama oili ile ni safi na imeelea juu tu, au kama imechanganyika na maji ikawa kama maziwa.

Kwenye maelewano ya bei, mwache yeye ataje tarakimu kwanza, na muulize amefikaje hapo. Akitaja kasoro ambayo tayari uliitangaza na kuitoa kwenye bei, mwonyeshe hesabu yako. Akitaja jambo jipya lenye ushahidi, litoe, ndiyo haki yake. Bei ya chini iwe imeandikwa nyumbani kabla, na usiishushe mbele ya bunda la noti. Kama wiki mbili zimepita, soma dalili: watu wanalitazama tangazo lakini hawapigi, tatizo ni bei au picha; wanapiga lakini hawaji, majibu yako hayawatulizi; wanakuja na hawatoi ofa, gari haliko kama tangazo linavyosema. Ukishusha bei, shusha mara moja kwa kiasi kinachoonekana, kama asilimia 5. Kukata kidogo kidogo kila wiki kunawafundisha wanunuzi wasubiri.

Malipo yaaminiwe pale tu benki yako inapothibitisha kwamba fedha zimeingia na haziwezi kurudishwa. Picha ya skrini ya muamala si malipo. Ujumbe wa simu si malipo. Hundi, hata iliyotolewa na benki, ipelekwe kwenye benki iliyoitoa ithibitishwe nanyi mkiwa pamoja. Anayetuma zaidi ya bei na kuomba umlipe msafirishaji ile ziada ni tapeli, bila ubaguzi. Anayekutaka ununue ripoti ya historia ya gari kwenye tovuti aliyoichagua yeye, au umsomee namba ya siri iliyokuja kwenye simu yako, naye ni walewale. Mahali pazuri pa kumaliza biashara ni ndani ya benki, saa za kazi, mwanzoni mwa wiki, ili kukiwa na swali mtu wa kujibu awepo.

Kama gari lina mkopo, ongea na mkopeshaji kabla ya tangazo, upate barua ya kiasi kilichobaki na muda wa kutoa kibali. Mkataba wa mauzo uwe na namba kamili ya chasi, kilomita, bei, majina na vitambulisho, kasoro zilizoelezwa, maneno kwamba gari linauzwa kama lilivyo, na tarehe pamoja na saa ya makabidhiano. Saa ina maana: faini ya mwendo kasi iliyopigwa saa moja baada ya kukabidhi isije kwako. Toa taarifa ya kubadilisha umiliki siku hiyohiyo wewe mwenyewe, usimwachie mnunuzi, na bima isitishwe baada ya taarifa kupokelewa.

Kabla funguo hazijatoka mkononi, futa simu zilizounganishwa na redio, anwani ya nyumbani kwenye ramani, na kumbukumbu ya kufungulia geti. Ondoa gari kwenye akaunti yako ya programu ya simu. Bila hivyo utaendelea kuliona lilipo, na mwenyewe mpya hataweza kulisajili. Mpe funguo zote mbili, kitabu cha mwongozo, pampu ndogo ya tairi kama lilikuja nayo, na soketi ya nati za usalama za rimu, kifaa kidogo ambacho husahaulika kwenye droo na kumkwamisha mtu siku ya pancha. Nakala za karatasi zote zitunze. Akipiga simu wiki ya pili kuuliza kuhusu sauti fulani, mjibu kwa ujumbe wa maandishi, mweleze unachokijua na jina la fundi aliyekuwa akilihudumia. Ukarabati wa kuanzia hapo ni wake, kama mkataba unavyosema.